Kamera Ilainike Kabla ya Ijumaa

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimepata studio. Bado haijatangazwa, lakini mtu mwenye akili hasubiri kutangaziwa.

Mzee Makame ametuita mimi na Zakia, wanafunzi wake wa zamani, akatukalisha kwenye benchi la wateja. Baridi kali. Vumbi la malori linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Akasema amechoka, magoti yake hayaitaki tena baridi ya Tunduma, anarudi kwao Pemba kwa binti yake. Studio haiwezi kupanda basi. Chumba cha mbele, chumba cha giza, mashine ya kukuzia picha, kibao cha jina kinachoonekana tangu barabara ya Sumbawanga, vyote anamwachia mmoja wetu. Nani? Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya swala, kila mmoja alete ile kamera aliyompa siku ya kumaliza mafunzo. Ataziangalia, kisha ataamua.

Nilitaka kucheka. Nikakohoa.

Kamera zenyewe ni pacha. Za mkanda, chuma kitupu, hazina hata betri. Mzee alizinunua zikiwa kwenye maboksi, duka moja la Mbeya lilipokuwa linafungwa. Zakia yake kaitumia kama jembe! Rangi nyeusi imebanduka kwenye kona, shaba imetokeza, ngozi ya ubavuni imelika. Aibu. Yangu iko kwenye boksi lake juu ya kabati, imeviringishwa kwenye kitenge. Hata kile kipakiti cha kunyonya unyevu bado kimo. Paspoti saizi zangu zote, pale barazani kwa fundi viatu, nazipiga kwa simu. Kwa nini niichoshe mali ya watu?

Baba aliniita Clever. Marehemu alikuwa anaona mbali.

Nimemwambia mke wangu aanze kufikiria rangi ya mapazia ya studio. Rozi hakuinua hata kichwa kwenye cherehani. Akasema, "Baba Angel, kwanza mpelekee yule mama wa Ndalambo picha zake, ameshakuja kuziulizia mpaka kachoka."

Hana maono kabisa huyu mwanamke.

Ijumaa, 11 Julai

Siku mbaya. Mbaya sana!

Nilipita kwa Zakia kumpa pole mapema, ili siku yenyewe isimwume mno. Ana kibanda karibu na soko. Anapiga harusi, ubarikio, misiba, na sasa kuna watu wa Dar wamerudia kupenda picha za mkanda, wanamwagizia kazi. Nikamkuta Mzee Makame amekaa pale na kahawa yake. Mkononi ana kamera ya Zakia. Amefumba macho, anavuta ule mkono wa kusogezea mkanda, anabonyeza. Anavuta, anabonyeza. Huwezi kusema kuna chuma mle ndani. Anatabasamu peke yake.

Akaniita niisikilize. Akasema kamera ikitoka kiwandani, meno yake bado yana ukali mdogo mdogo, yanakwaruzana. Ni kama mashemeji. Mwanzoni kila mmoja anamparura mwenzake, wakishakaa miaka kila mtu anajua apite wapi. Chuma kinasugua chuma mpaka vinapatana, na vinapatana palepale mkono wa mwenyewe unapopita kila siku. Mimi nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, je, ile isiyotumika? Mzee akatikisa kichwa kama ameambiwa habari ya msiba. Akasema grisi inaganda ndani, kila kitu kinakuwa kigumu, inazeeka bila kuishi. Kisha akaomba kahawa nyingine.

Nikauliza tena, Ijumaa ataangalia nini hasa. Akasema ataangalia kama kamera imefanya kazi. Basi.

Zakia akaniuliza yangu ikoje siku hizi. Nikamjibu imelainika mpaka inataka kuteleza mkononi.

Nimekimbia nyumbani. Nimeishusha kabatini, nimeifungua, nimeuvuta mkono. Ukakwama katikati. Nikauvuta kwa nguvu, ukatoa mlio wa mahindi yenye mchanga kwenye mashine ya kusaga. Nikabonyeza kitufe. Pazia la ndani likafunguka nusu, likafikiri kidogo, ndipo likajifunga.

Sasa natakiwa kuitumia miaka yote hiyo ndani ya wiki moja! Mzee angetuambia mapema basi. Watu wengine hawana huruma.

Jumamosi, 12 Julai

Mpango wa kwanza: mafuta na msasa.

Nilianza na sura. Nikachukua msasa, nikasugua kona mpaka shaba ikatokeza kama ya Zakia. Kazi nzuri, isipokuwa kona moja nilipitiliza. Inaonekana kama imetafunwa. Nikaipaka kiwi nyeusi, nikaifuta.

Kisha mafuta ya cherehani ya Rozi. Nilianza tone moja kwenye mkono wa kuvutia. Halikusaidia. Matone mawili. Hayakusaidia. Nikaona hapa tunacheza, nikamimina. Mkono ukalainika papo hapo! Nilipiga kelele za furaha mpaka jirani akachungulia. Halafu nikabonyeza kitufe. Pazia likafunguka, halikurudi. Limelowa, limeganda, linanitazama. Mafuta yakaanza kutoka kupitia lenzi.

Nikaenda kwa vijana wa bodaboda kuomba petroli kidogo kwenye chupa. Wakaniuliza ya nini. Nikasema ya kuogeshea kamera. Sasa pale kijiweni nina jina jipya ambalo sitaliandika hapa.

Petroli imetoa mafuta yote. Imetoa pia grisi ya zamani, uchafu mweusi kama uji wa lami. Pazia sasa linafunga. Lakini mkono umerudi kukwaruza, tena bila aibu, mchana kweupe.

Rozi amenusa petroli nyumba nzima, akakataa kuwasha mkaa. Tumekula mkate na maji baridi. Mafuta yake ya cherehani yameisha na ana sare za kwaya ya Iyula za kumaliza. Ameniambia hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Nimeomba kamera ilainike. Mchungaji amehubiri juu ya uvumilivu, nadhani Rozi alimtuma.

Nikiwa nimekaa pale, nikamtazama mpiga kinanda anavyokanyaga na miguu yake. Juu, chini, juu, chini. Hachoki. Wazo likanijia kabla ya sadaka. Nyumbani kwangu kuna mtu anakanyaga hivyohivyo kutwa nzima, na ile nguvu yote inaishia kwenye nguo!

Ahsante, Bwana.

Jumatatu, 14 Julai

Mpango wa pili: cherehani.

Nilimsubiri Rozi aende sokoni kununua vifungo. Nikaifunga kamera kwenye mguu wa meza ya cherehani, nikachukua mpira wa manati, upande mmoja nikaufunga kwenye gurudumu, upande mwingine kwenye mkono wa kamera. Gurudumu likizunguka, mkono unavutwa. Gurudumu likipita, mkono unarudi. Kubonyeza kitufe nitabonyeza mwenyewe. Nikakanyaga taratibu. Ikaenda! Krr, tap. Krr, tap. Nilijisikia kama mwenye kiwanda.

Tatizo ni kwamba nilizidisha mwendo. Mpira ukateleza, ukajisokota kwenye gurudumu, mkanda wa shingoni wa kamera ukavutwa chini ya sindano, na sindano haikuuliza ni kitu gani. Ikashona. Rozi aliporudi alikuta kamera yangu imeshonwa kwenye sketi ya mwimbaji wa sauti ya kwanza, mishono mizuri iliyonyooka, sindano imevunjika, na mimi nimelala chini ya meza natafuta kipande chake.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alitatua mishono mmoja mmoja. Akasema cherehani ile ni laini kwa sababu yeye anaikalia kila siku ya Mungu, na siku nitakayokalia kazi yangu kama yeye anavyokalia yake, basi vitu vyangu navyo vitalainika. Kisha akanifukuza ndani ya nyumba yangu mwenyewe mpaka jioni.

Sikuelewa cherehani inahusiana vipi na mazungumzo yetu.

Nikazurura barabarani na kamera kwapani, nina hasira na dunia nzima. Foleni ya malori ya kuvuka mpaka imefika mbali leo. Madereva wamekaa kwenye ngazi za malori yao, wengine wamelala chini ya matela, wengine wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mikono yao haina kazi. Mikono mingapi ile! Yote imekaa bure!

Nimesimama pale nikitetemeka kwa akili yangu mwenyewe.

Jumanne, 15 Julai

Mpango wa tatu, na nashangaa kwa nini haukuwa wa kwanza.

Nilimwendea dereva mmoja Mzambia, Gibson, mtu wa Ndola, mcheshi, amekwama na mzigo wake siku nyingi. Nikamsalimia "mulishani" kwa heshima zote. Nikamwambia kuna mashindano. Atakayevuta na kubonyeza mara nyingi bila kukwamisha, mimi namletea kuku wa kuchoma na ugali mpaka kwenye lori lake. Akauliza mashindano ya nini. Nikamwambia ya vidole. Akacheka, akaichukua.

Mpaka saa ya chakula cha mchana kamera ilikuwa imepita malori mengi kiasi kwamba nilikuwa naifuata kwa sauti tu. Krr, tap, kule mbele. Krr, tap, huku nyuma. Wanabishana, wanahesabiana, wanapokezana. Mmoja anavuta kwa kidole gumba, mwingine kwa kiganja, mwingine kwa kifundo cha mkono kwa sababu ana kitunguu mkononi. Mimi nimekaa kwenye kiti cha mama muuza chai, nimekunja nne. Wateja wa paspoti wamenitafuta, nikawaambia leo sipo.

Jioni nimeisikiliza. Naapa, ule mchanga umeanza kuondoka!

Gibson akaniomba aendelee nayo, kwa sababu inamtuliza mawazo ya foleni. Nikamwachia kwa moyo mmoja. Foleni yenyewe haijasogea hata hatua.

Jumatano, 16 Julai

Foleni imesogea.

Imesogea! Siku zote hizo haisogei, leo asubuhi imesogea yote, kana kwamba kuna mtu alikuwa anasubiri tu mimi nilale. Nilipofika, mahali pa lori la Gibson palikuwa na alama ya mafuta tu. Mama muuza chai akanyoosha mkono upande wa Zambia.

Nimevuka kwenda Nakonde. Nimeuliza kila yadi ya malori. Unamwelezaje mtu kwamba unatafuta dereva aliyevuka na kamera ambayo haipigi picha, inavutwa tu? Walinzi wawili walidhani mimi ni mgonjwa, wa tatu akanipa maji.

Nimerudi mikono mitupu. Nimemwambia Rozi kamera iko kwa fundi.

Nimekaa uani nikaiwaza studio. Niseme ukweli, nimechoka na baraza la fundi viatu. Mvua ikinyesha nahama. Mteja akikaa, nyuma yake kuna viatu vya watu vinaning'inia, inabidi nimwombe Rozi ashike shuka. Nina umri huu, na mke wangu ananishikia shuka. Angel akiulizwa shuleni baba yako anafanya kazi wapi, anasema kwenye viatu.

Kesho narudi Nakonde. Lazima.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeipata!

Iko kwenye yadi nyuma ya kituo cha mafuta, katikati ya duara la madereva. Niliisikia kabla sijaiona, na nusura nisiitambue, kwa kuwa haikwaruzi tena. Inaita tap, tap, tap, laini, kama ya Zakia. Kama ya Zakia kabisa! Nikataka kuwabusu wote.

Lakini Gibson hakutaka kuitoa. Akasema ameizoea. Akasema tangu aanze kuivuta hajagombana na mtu wala kuvuta sigara. Nikamwomba, nikamlaani, nikamsihi. Mwishowe akasema sawa, ila kamera ni kamera, nimpige basi picha moja mbele ya lori, ampelekee mama yake. Mama hajamwona muda mrefu.

Mkanda sina. Sijawahi kuwa nao. Lakini jamaa alikuwa ameshaenda kuvaa shati safi.

Nikampiga. Nifanyeje? Akasimama wima, mikono kifuani, tabasamu mpaka kwenye masikio. Tap. Wenzake nao wakachana nywele. Tap, tap, tap. Nimepiga yadi nzima kwa kamera tupu. Wameniambia natotela, ahsante, wamenipa mkono mmoja mmoja, na wote wakauliza picha watazipata lini. Nikasema kesho. Wapi? Midomo yangu ikajibu yenyewe: studio ya Mzee Makame, barabara ya Sumbawanga, baada ya swala ya Ijumaa. Ndilo jina lililokuwa karibu na ulimi.

Hawatakuja. Nani siku hizi anakuja siku aliyoambiwa?

Usiku mwema, Zakia.

Ijumaa, 18 Julai

Naandika kwa hasira.

Nilifika nimevaa suti ya harusi. Zakia yuko kwenye benchi, gauni lake la kazi, mfuko begani. Mzee alianza na kamera ya Zakia. Akaivuta mara moja, akazungusha lenzi, akamrudishia. Nikaona amemaliza naye.

Akachukua yangu. Kwanza akaangalia kona. Akauliza kama nyumbani kwangu kuna panya. Nikasema ni mkoba unasugua. Akafumba macho, akavuta. Kimya. Akavuta tena, akabonyeza. Akafungua jicho moja, kisha yote mawili.

"Mwanangu!" akasema. "Hii imefanya kazi! Wallahi imefanya kazi!"

Akampa Zakia aisikie. Zakia akaivuta, akanitazama kwa muda mrefu. Mimi nikatazama dari.

Halafu Mzee akashika pete ya lenzi, ile ya kulengea picha itoke wazi. Haikuzunguka. Akajaribu kwa mikono miwili. Ikaguna, ikasogea kidogo, ikagoma. Madereva wale niliwaambia wavute na kubonyeza. Hakuna aliyeambiwa alenge! Mzee akauliza inawezekanaje mtu apige picha mpaka mkono wa kamera unakuwa laini hivi, na lenzi haijawahi kugeuzwa.

Hapo ndipo mtu anajulikana. Nikamwambia Mzee, mimi ni mtu wa paspoti saizi. Mteja anakaa kwenye kigoda kilekile, mimi nasimama palepale, umbali ni uleule. Nilenge nini tena?

Akacheka! Akacheka mpaka akatoa leso. Akasema kweli, kila fundi na kazi yake, na kamera haisemi uongo. Mkono wake ukaingia kwenye mfuko wa kanzu. Nikauona ufunguo. Nimeuona kwa macho yangu haya, na kikamba chake chekundu!

Mlango ukafunguka. Gibson. Shati jeupe limepigwa pasi, wenzake wawili nyuma. Akatusalimia kwa adabu, akasema amekuja kuchukua picha ya mama.

Mzee uso ukamng'aa. Akasema kumbe napiga na watu wa nje! Kumbe nina mkanda ndani! Nikasema haujaisha. Akasema haidhuru. Nikasema taa ya chumba cha giza ina kasoro. Akasema anakijua chumba kile hata akiwa usingizini. Nikasema tumbo linaniuma. Akaniambia nikae, nipumzike, kwa sababu hakuna jambo zuri kama kazi yake ya mwisho kwenye studio hii iwe kusafisha picha za mwanafunzi wake. Akaingia na kamera yangu, akafunga mlango.

Tukangoja. Nikasikia mfuniko wa nyuma umefunguliwa. Halafu sikusikia kitu. Halafu chini ya mlango nikaona mwanga. Amewasha taa.

Alitoka akiwa ameishika wazi. Akanionyesha ndani. Kile kibao cha nyuma kinachobana mkanda, akasema, mkanda ukipita kila siku unakisugua, unaacha njia, kama kizingiti kinavyolika kwa miguu ya watu wa nyumba. Changu bado kina weusi wa kiwandani. Hakina hata mstari. Hakuna mkanda uliowahi kupita mle, hata mmoja. Akamwuliza Gibson picha ilikuwa ya namna gani. Gibson akamwelezea, akasimama vilevile, mikono kifuani, na lile tabasamu. Kisha naye akaelewa, akashusha mikono.

Mzee akaniambia, kwa sauti ndogo, "Nilipousikia ule mkono nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kweli."

Nikaanza kukagua vifungo vya suti yangu.

Zakia akasimama. Akamwambia Gibson, "Kaka, twende pale nje kwenye malori, jua bado zuri." Wakatoka. Nikasogea mlangoni nione atakavyohangaika. Hakuhangaika. Alikuwa anamwuliza Gibson habari za mama yake, na huku kidole gumba kimeshavuta, vidole vingine vimeshageuza lenzi, hata hakuitazama kamera. Gibson akacheka kwa jambo fulani, na tayari. Imeisha. Madereva wengine wakaanza kujipanga. Mzee akatoka nje, akauweka ufunguo kwenye mfuko wa Zakia uliokuwa begani, na Zakia wala hakujua, alikuwa anapiga picha.

Gibson ndiye aliyeniharibia! Angechelewa kidogo tu, kama watu wa kawaida!

Jumamosi, 19 Julai

Nimemsindikiza Mzee Makame kwenye basi la Mbeya. Sikutaka, Rozi alinipa koti akanisukuma nje.

Alinivuta pembeni, mbali na wapiga debe. Akasema madereva wale wamenifanyia hisani, meno ya ndani sasa ni mazima kabisa, zilizobaki ni sehemu zinazotaka mkono wangu mimi. Akatoa mkanda mpya kwenye mfuko wa kanzu, ameutunza kwenye friji siku zote, akaniwekea kiganjani. Amezungumza na Zakia. Nipige picha moja tu ya kweli, ya mtu yeyote, niilenge mwenyewe. Nikimpelekea Zakia mkanda huu ausafishe na ile picha iwemo, nusu ya chumba cha mbele ni yangu, na jina langu litaandikwa kwenye kibao chini ya la Zakia. Hanikimbizi. Akanishika kidole gumba, akakibinya, akapanda.

Basi likaondoka. Machozi yalinitoka, vumbi lilikuwa jingi. Zakia, naye alikuja kumsindikiza, akanipa leso yake. Inaudhi mtu akikushinda halafu ana leso.

Nimemsimulia Rozi. Aliacha kushona. Akasema basi nimpige yeye. Akasema miaka yote ameolewa na mpiga picha na hana picha hata moja niliyompiga, hata ya simu. Kesho baada ya ibada atavaa lile gauni la bluu. Aliongea taratibu, hakunitazama. Nikamwambia atatoka kama malkia.

Nusu chumba! Kwa picha moja! Hata mtoto hashindwi.

Jumapili, 20 Julai

Ibada imeisha. Jua zuri, baridi imepungua. Rozi yuko ndani anavaa. Kiti nimeshakiweka uani mbele ya ukuta.

Nilifungua kamera nipakie mkanda, na macho yakaangukia kile kibao. Cheusi. Hakina hata mstari. Nikajiuliza, nikimpelekea Zakia picha, si atataka na kamera aione? Yule hana dogo. Ataifungua nyuma kama Mzee alivyofungua, atakuta mle mmepita mkanda mmoja tu, atanicheka mbele ya wateja. Niingie studio yangu mwenyewe nikichekwa?

Nikakaa, nikafikiri. Kibao kinasuguliwa na nini? Mkanda. Mkononi nina nini? Mkanda!

Nimeuchomoa wote kwenye kopo lake, mrefu kuliko nilivyodhani, nimeuanika kwenye kamba ya nguo ili unyooke. Sasa naupitisha kwenye kamera kwa mikono, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kibao kimebana. Kazi safi. Mstari umeshaanza kutokea! Unang'aa! Naandika nikipumzisha vidole tu. Najua mkanda ukiona jua umekwisha, mimi si mshamba. Wenyewe umeshabadilika rangi. Lakini mikanda Zakia anayo tele, nitamwambia huu nilipewa mbovu. Kibao je, nani atanipa kibao kilicholika?

Rozi ametoka. Amevaa gauni la bluu, amepaka mafuta, ameweka na hereni. Amekaa kwenye kiti, ameuliza ageukie upande gani. Nimemwambia atulie hapohapo, jua bado liko juu, kamera inamaliziwa kulainishwa.